SSD kwa Kompyuta Ndogo: Mnunuzi wa Sumbawanga Atazame Soketi Kabla ya Bei

Bei za chipu za kuhifadhia kumbukumbu hupanda na kushuka kama bei za nafaka, na miaka hii mitatu zimeonyesha tabia hiyo waziwazi. Mwaka 2023 zilianguka baada ya viwanda kuzalisha kupita mahitaji. Wazalishaji wakubwa, yaani Samsung na SK hynix za Korea Kusini, Kioxia ya Japani, Micron na SanDisk za Marekani, walibana uzalishaji na bei zikapanda mwaka 2024, zikalegea kidogo, kisha kuelekea mwisho wa mwaka 2025 zikapanda kwa kasi. Sababu kubwa ilikuwa vituo vya akili mnemba, ambavyo vilinunua chipu kwa wingi kiasi cha kumwacha mnunuzi wa kawaida mwisho wa foleni. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia watumiaji wa kawaida bidhaa za jina la Crucial, mojawapo ya majina yaliyokuwa yakiaminika sana madukani.

Kwa mfanyabiashara wa Sumbawanga, habari hizo zina maana moja. SSD, ile diski isiyo na sehemu inayozunguka, si kifaa cha kununua kwa kubahatisha tena. Ilipokuwa rahisi, aliyekosea aliweza kuitupa kabatini na kuagiza nyingine. Sasa kosa linauma.

Na makosa yapo mengi. Safu hii inaona kwamba fedha nyingi zinazopotea katika biashara hii ndogo hazipotei kwa kununua kwa bei ya juu, bali kwa kununua kisichoingia. Mtu anasikia kwamba SSD itaifanya kompyuta yake ya dukani iwake kwa sekunde badala ya dakika, anapiga simu Dar es Salaam au Mbeya, anaambiwa "ipo, GB 256, kali sana", anatuma fedha kwa simu, na kesho yake au keshokutwa anakwenda stendi kupokea kifurushi. Fundi anafungua kompyuta na kukuta kwamba hakuna pa kuichomeka.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme SSD imenunuliwa kwa Sh 90,000, kifurushi cha basi Sh 10,000 na fundi Sh 15,000. Ikiwa haikuingia, kuna kifurushi cha kuirudisha Sh 10,000, kingine cha kuleta mbadala Sh 10,000, fundi kufungua mara ya pili Sh 15,000, na muuzaji akipunguza Sh 15,000 kwa kuwa "boksi limeshafunguliwa", mnunuzi ameongeza Sh 50,000 juu ya bidhaa ya Sh 90,000. Hapo hatujahesabu siku nne au tano ambazo kompyuta imelala wazi mezani. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na hata Mbeya iko zaidi ya kilomita 300. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa MCC wa mwaka 2008, imefupisha safari hiyo sana, lakini kurudisha mzigo bado ni gharama.

Mwenye duka la Kariakoo akikosea anavuka barabara na kubadilisha. Wa Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere hana barabara hiyo ya kuvuka, na ndiyo maana kwake swali la kwanza lisiwe bei wala kasi, liwe soketi.

FUNGUA KOMPYUTA KWANZA

Kompyuta ndogo tunazozizungumzia hapa ni zile za boksi dogo, ukubwa wa kitabu kinene, ambazo ofisi za Ulaya na Marekani huzitoa baada ya miaka michache ya matumizi na kuja kwetu kama mtumba. Zinazoonekana zaidi ni Lenovo ThinkCentre za aina ya Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro. Hazili umeme mwingi, hazichukui nafasi kaunta, na kwa duka la pembejeo, ofisi ya chama cha ushirika, stesheni au mnunuzi wa nafaka zinatosha kabisa. Wapo pia wenye Intel NUC, ambazo Intel yenyewe iliacha kuziendeleza mwaka 2023 na kuikabidhi kazi hiyo ASUS. Mengi ya yatakayosemwa yanahusu kompyuta za mkononi vilevile.

Kabla ya kumpigia simu muuzaji, fungua kifuniko. Kwa nyingi ya kompyuta hizi ni skrubu moja au mbili nyuma, na bisibisi ya kawaida inatosha. Chomoa umeme kwanza, halafu ukishafungua piga picha ya ndani kwa simu, picha iliyo wazi inayoonyesha bodi kuu yote na maandishi yaliyo pembeni ya soketi. Piga na picha ya kibandiko cha chini chenye jina kamili la modeli. Picha hizo mbili mtumie muuzaji kabla ya fedha. Muuzaji anayeijua kazi atakushukuru, na yule anayekwambia picha hazihitajiki kwa kuwa "SSD zote ni sawa" amekusaidia pia, kwa kuwa umeshajua usinunue kwake.

Ndani utakuta moja kati ya mambo haya.

La kawaida zaidi ni diski ya inchi 2.5, ile bapa yenye umbo la kitabu cha benki, iliyounganishwa kwa njia iitwayo SATA. Soketi yake ina sehemu mbili zilizo pamoja, fupi ya kupitisha taarifa na ndefu ya umeme. Kama hadi disiki yako ya sasa ni ya namna hiyo, basi SSD ya inchi 2.5 ya SATA itaingia mahali pale pale. Hii ndiyo njia isiyo na mshangao, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayowafaa wasomaji wengi wa ukurasa huu. Kasi yake ya juu ni takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na hata kompyuta ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili, inayokata kasi hiyo karibu nusu, bado itabadilika kabisa. Diski ya kuzunguka hutafuta vipande vidogo vya taarifa takriban mara 100 kwa sekunde, SSD hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara. Hapo ndipo tofauti anayoisikia mtumiaji inapotoka, si kwenye tarakimu kubwa zilizochapwa juu ya boksi.

Jambo dogo la kuangalia ni unene. Diski nyingi za zamani zilikuwa na unene wa milimita 9.5, SSD nyingi zina milimita 7. Nyembamba huingia katika nafasi ya nene, na ikilegea huwekewa kifremu cha plastiki au hata kipande cha kadibodi ngumu. Nene haiingii katika nafasi ya nyembamba.

Jambo kubwa zaidi, ambalo wauzaji wa mtumba hawalisemi, ni kwamba kompyuta ndogo nyingi hufika nchini bila fremu ya kushikilia diski na bila waya wake. Ofisi zilizozitoa huondoa diski zao kwa sababu za usiri, na fremu huondoka nayo. Katika baadhi ya HP na Dell waya huo ni mwembamba, wa aina ya utepe, uliotengenezwa kwa modeli hiyo peke yake. Kupata SSD ni rahisi, kupata utepe huo ukiwa Sumbawanga ni shughuli. Unaponunua kompyuta yenyewe uliza: ina fremu? ina waya? Kama havipo, hesabu gharama yake ndani ya bei ya kompyuta.

Pili, kuna mSATA. Hii ni kadi ndogo ya mraba mrefu iliyotumika katika baadhi ya kompyuta za miaka ya 2011 hadi 2014, zikiwamo NUC za mwaka 2013. Inafanana sana na kadi ya Wi-Fi ya wakati huo, na soketi zao zinafanana pia, hivyo kuwepo kwa soketi si uthibitisho kwamba inapokea diski. mSATA mpya zimekuwa adimu, na kama kompyuta hiyo ina nafasi ya inchi 2.5 pia, tumia hiyo.

Tatu ni M.2, na hapo ndipo fedha zinapopotelea.

KADI MOJA, LUGHA MBILI

M.2 ni umbo tu. Ni kijikadi chembamba mfano wa kibanio cha chingamu, chenye upana wa milimita 22. Urefu wake husomeka katika namba: 2280 ni upana wa 22 na urefu wa 80, 2242 ni urefu wa 42, na 2230 ni urefu wa 30. Soketi ikiwa na tundu la skrubu kwa urefu wa 80 tu, kadi fupi itaingia kwenye meno lakini itabaki ikielea bila pa kufungwa. Ndefu haitaingia kabisa katika nafasi ya fupi. Kijiskrubu chenyewe, ambacho ni kidogo kuliko punje ya ulezi, mara nyingi hakipo katika kompyuta za mtumba, nacho kiagizwe pamoja na SSD.

Lakini kulingana kwa umbo hakumaanishi kulingana kwa lugha. Ndani ya umbo hilo moja kuna diski zinazozungumza SATA, kama zile za inchi 2.5, na kuna zinazozungumza NVMe, utaratibu uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2011 na unaopitia njia ya PCIe. Soketi nyingine huelewa zote mbili, nyingine NVMe tu, nyingine SATA tu. Ukichomeka NVMe katika soketi ya SATA tu, hakuna moshi wala kelele, kompyuta inawaka kama kawaida na diski haionekani. Mnunuzi anadhani ameuziwa mbovu, muuzaji anadhani mnunuzi ameiharibu, na ugomvi unaanza wakati kifaa hakina kosa lolote.

Mapengo kwenye meno ya kadi yanasaidia kiasi. NVMe kwa kawaida huwa na pengo moja, upande unaoitwa M. M.2 ya SATA kwa kawaida huwa na mapengo mawili, B na M, na kwa hiyo huingia katika soketi nyingi, hata zile zisizoielewa. Soketi ya Wi-Fi nayo ni ya umbo hilo hilo la M.2, ila pengo lake ni la A au E, na diski ya kawaida haikai pale. Msomaji asitegemee mapengo peke yake. Uthibitisho ni kijitabu cha matengenezo cha modeli yako, ambacho Lenovo, HP na Dell hukitoa bure katika tovuti zao kwa kuandika namba ya bidhaa iliyo chini ya boksi. Tafuta ukurasa wa hifadhi na usome kama umeandikwa SATA, PCIe au vyote.

Zipo adapta, na hapa pia watu huuziwa matumaini. Ganda la kugeuza M.2 ya SATA kuwa diski ya inchi 2.5 ni kitu halali na hufanya kazi. Ganda hilo hilo halitaigeuza NVMe kuwa SATA, hata likiingia vizuri namna gani.

Je, NVMe inafaa kununuliwa? Ya kizazi cha tatu hufikia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde, ya kizazi cha nne takriban 7,000, na ya nne ikiwekwa katika soketi ya tatu hufanya kazi kwa mwendo wa tatu. Kwa anayehariri video za harusi tofauti hiyo ni fedha. Kwa anayeandika stoo ya mbolea na kuchapa ankara, atailipia kasi asiyoitumia. Ikiwa bei ni sawa na soketi inaikubali, chukua NVMe. Ikiwa inabidi uongeze hata kidogo, hakuna sababu.

Kuna kizuizi kingine. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2014 au hapo karibu haziwezi kuwakia kutoka NVMe, hata ukiichomeka kwa adapta ya PCIe. ThinkCentre M93p Tiny, kwa mfano, ni kompyuta nzuri ya wakati wake, lakini makazi yake ni ya inchi 2.5 na ibaki hivyo.

Wenye Raspberry Pi, ambazo baadhi ya shule na vijana wa ufundi wanazipenda, wana habari yao pekee. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 inapokea NVMe kupitia kibao cha ziada kilichotolewa Mei 2024, na kibao hicho rasmi huchukua urefu wa 2230 na 2242, si 2280 iliyojaa madukani. Raspberry Pi 4 huwakia kutoka SSD ya USB.

MASHINE YENYEWE INASTAHILI?

Mwekezaji hanunui tairi jipya kwa gari lisilopita ukaguzi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mpango wa nyongeza kwa watu binafsi ulipangwa kufika Oktoba 13, 2026. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomwa katika namba baada ya kistari: i5-6500T ni ya sita, i5-8500T ni ya nane.

Kwa sababu hiyo soko la mtumba limegawanyika, ingawa maboksi yanafanana kwa nje. EliteDesk 800 G3 Mini ni ya kizazi cha sita na saba, G4 ni ya nane. ThinkCentre M710q ni ya nyuma ya mstari, M720q imevuka. OptiPlex 3050 Micro iko nyuma, 3060 Micro imevuka. Zote sita zina angalau soketi moja ya M.2 na nafasi ya inchi 2.5, hivyo kwa SSD hazina shida. Tofauti yao ni umri uliobaki. Ofisi za ng'ambo zimekuwa zikizitoa zile za nyuma ya mstari kwa wingi, na mnunuzi anayeonyeshwa G3 kwa bei ya G4 anabebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

Hii haina maana kwamba ya zamani itupwe. SSD ndogo ya SATA katika mashine ya kizazi cha nne au cha sita, ikiwa na mfumo wa Linux au ikitumika kwa kuchapa tu bila kuunganishwa mtandaoni, ni matumizi ya busara, tena SSD hiyo itahamia katika mashine nyingine baadaye. Ambacho safu hii isingeshauri ni kununua NVMe ya bei kwa ajili ya mashine itakayoachwa mwakani.

UKUBWA, UHAI NA UMEME

Kwa duka la kawaida GB 240 au 256 zinatosha, na anayehifadhi picha nyingi aende 480 au 512. Swali ambalo wafanyabiashara huuliza zaidi ni la uhai, kwa kuwa wamesikia kwamba SSD "huisha". Ni kweli, kila chipu huvumilia kuandikwa mara kadhaa tu, na mtengenezaji hutaja jumla ya terabaiti inazoweza kuandikiwa. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, imepewa terabaiti 80. Duka linaloandika GB 10 kila siku, na hilo ni duka lenye shughuli, huandika kama terabaiti 3.65 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya miaka 20. Kitu kingine kitakufa kabla.

Kinachostahili hofu zaidi ni umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa ikipata umeme wake kutoka Zambia kupitia Mbala, nje ya Gridi ya Taifa, na wakazi wanafahamu kukatika kunavyokuwa. SSD za bei ya kawaida hupokea taarifa kwanza katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuzipanga mahali pake, na umeme ukikatika katikati, kilichokuwa kikiandikwa kinaweza kupotea au faili kuharibika. Diski ya kuzunguka nayo huumia, lakini kwa SSD watu hujidanganya kwamba, kwa vile haizunguki, iko salama. UPS ndogo kwa kompyuta ya boksi, hata ya kushikilia dakika 10, ni matumizi bora kuliko kuongeza ukubwa wa SSD. Mwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ana UPS yake tayari.

Upande wa vumbi na mtikisiko SSD inashinda bila ubishi. Kompyuta iliyo chumba kimoja na mashine ya kusaga, au inayopelekwa kwa pikipiki kutoka Ufipa ya juu kuteremka bonde la Ziwa Rukwa msimu wa ununuzi, haifai kuwa na diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ile hadithi kwamba mwinuko ndio unaoua diski huku kwetu haina uzito: Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na diski za kawaida huruhusiwa kufanya kazi hadi kama mita 3,000.

Wanunuzi wa nafaka wa msimu wana la ziada. Wengi huzima kompyuta baada ya mzigo wa mwisho kuondoka na kuifungia stoo hadi mavuno yajayo. SSD isiyopata umeme hupoteza chaji polepole. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imefikia mwisho wa uhai wake, itunze taarifa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Kwa miezi sita katika baridi ya Ufipa hakuna tatizo. Lakini sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na SSD iliyofungwa kwenye droo si mahali pa kuziacha miaka mitano. Ile hadi disiki ya zamani uliyoitoa, kama bado nzima, ndiyo iwekwe nakala, ikiwa na risiti na mikataba, pamoja na nakala nyingine mahali tofauti.

Tukiwa kwenye kodi, kompyuta na vifaa vya kuchakata taarifa viko katika daraja la kwanza la uchakavu chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, asilimia 37.5 ya salio kwa mwaka. Anayenunua bila risiti ya EFD anajinyima uthibitisho wa gharama yake mwenyewe, na hana cha kushika akienda kudai dhamana.

FEKI NA ZILIZOTUMIKA

Kupanda kwa bei huwapa kazi waghushi. Feki ya kawaida ni ganda la SSD ambalo ndani lina kadi ndogo ya kumbukumbu, na programu yake ya ndani imefundishwa kudanganya kwamba ni terabaiti moja au zaidi. Windows itaamini. Faili za kwanza zitaingia vizuri, na zitakazofuata zitaandikwa juu ya za mwanzo, hadi siku utakapofungua hesabu za mwezi uliopita na kukuta takataka. Uzito mdogo si ushahidi, kwa sababu hata SSD halisi za inchi 2.5 ni nyepesi na nyingi zina kibao kifupi ndani.

Ushahidi ni kuijaza. Programu ya bure iitwayo H2testw huandika SSD nzima na kuisoma tena, na kueleza kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Kwenye Linux hufanyika kwa programu ya f3. Kazi hiyo huchukua saa chache tu, nayo ifanyike kabla ya kuweka kitu chochote cha maana. Halafu fungua CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure, utazame saa ambazo diski imewashwa na kiasi kilichokwisha kuandikwa. SSD "mpya" yenye saa 9,000 si mpya. Inaweza kuwa nzima na kufaa, lakini bei yake si hiyo.

KUHAMISHA

Fundi akisema atainakili diski yote kama ilivyo, mwulize mambo matatu. Vilivyomo vitaenea? Diski ya GB 500 iliyojaa GB 300 haitaingia katika SSD ya 240. Windows iliwekwa kwa utaratibu wa zamani wa MBR au mpya wa GPT? Mfumo wa MBR ulionakiliwa kwenda NVMe kwa kawaida hautawaka mpaka ugeuzwe, na Windows ina chombo chake cha kugeuza kiitwacho MBR2GPT. Tatu, diski imefungwa kwa BitLocker? Kama ndiyo, namba ya kuifungulia ipatikane kwanza na iandikwe kwenye karatasi. Leseni ya Windows ya kompyuta hizi kwa kawaida imeshikamana na bodi kuu, hivyo mfumo ukiwekwa upya hautaulizwa ununue tena, na kwa mashine iliyojaa uchafu wa miaka kuweka upya ni bora kuliko kunakili.

Makubaliano na muuzaji wa mbali yaandikwe katika ujumbe wa simu kabla ya kutuma fedha: modeli ya kompyuta yako, aina ya SSD kwa maneno yote, kwa mfano "M.2 2280 NVMe" au "inchi 2.5 SATA", ukubwa, siku za kurudisha, na nani atalipa kifurushi cha kurudi ikiwa aliyotuma si ile iliyoandikwa. Siku za kurudisha zihesabiwe kuanzia mzigo ulipopokelewa stendi Sumbawanga, si ulipoondoka Dar es Salaam. Muuzaji akitoa siku tatu na basi likala mbili, umebaki na moja, na jaribio la H2testw nalo linataka sehemu ya siku hiyo.